Vigoda Viwili

Kila alasiri Chande alikaa kwenye kigoda chake kando ya mto, akitazama maji yanavyopita. Mkewe, Mwanaidi, alipomwomba wavuke wakamwone mama yake, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena, alimjibu, “Ngoja maji yapungue.” Maji yalipungua, yakajaa tena, ikapita miaka tisa.

Leo walivuka kwenda kumzika. Ndani ya mtumbwi Chande hakuyatazama maji hata mara moja.

Mlangoni kwa marehemu alikuta kigoda kimeelekea mtoni.

“Hapo ndipo alipokuwa akikaa kila alasiri,” jirani alimwambia. “Akituonyesha ng'ambo, akisema, yule pale ni mkwe wangu, niacheni nikae naye kidogo.”

Chande aligeuka. Ng'ambo kigoda chake kilionekana waziwazi, kitupu, maji yakipita mbele yake.