Sauti ya Mlangoni

Pii, pii, pii. Baada ya mlio wa tatu Lyle Hostetter akasema, "Usinifungie mlango, mama. Narudi," na kwa mara ya kumi na tisa akakosea.

"Umechelewa, mzee wangu," alisema Dolores, fundi wa sauti, kutoka nyuma ya kioo. "Midomo imeshafunga, wewe ndiyo kwanza unafika kwenye mama."

Mbele ya Lyle, kwenye skrini kubwa ya studio ile ya Burbank, kijana mwenye kofia ya shambani alikuwa amesimama mlangoni na begi begani. Filamu ilipigwa miaka thelathini na moja iliyopita. Wenye mali wakagombana, wakapelekana mahakamani, ikafungiwa kabatini mpaka wote wakafa. Sasa warithi wao walitaka kuitoa. Sauti yote ilikuwa imepona isipokuwa mstari ule mmoja, kwa sababu ndege ilipita juu pale pale kijana alipofungua mdomo. Ilibidi maneno yasemwe upya na yaingie sawasawa kwenye midomo yake.

Lyle alikuwa ameishi na kazi ya uigizaji miaka arubaini. Alikuwa daktari anayetoka chumba cha mgonjwa akivua miwani, askari anayepigwa risasi ya kwanza, mhudumu wa baa asiyeulizwa jina. Watu humsimamisha dukani wakidhani waliwahi kusoma naye. Lakini filamu ile ilikuwa kitu kingine. Ingetoka kwa wakati wake, jina la Hostetter lingejulikana Marekani nzima. 

Siku yenyewe aliikumbuka vizuri: upepo wa Lone Pine ilikopigwa filamu, vumbi kwenye kahawa, buti zilizobana mpaka zikajazwa magazeti mabichi usiku kucha ili zilegee.

"Kijana mzuri huyu, jamani," Dolores alisema, akirudisha picha nyuma. "Wasichana walikuwa wanapata usingizi kweli?"

"Mzuri, ndiyo. Na alikuwa anajijua. Matatizo yalianzia hapo."

Wakacheka. Kisha Dolores akashusha sauti. "Mzee Lyle, wamenipa mpaka saa sita tu. Mwigaji wa sauti waliyemkodi ameshafika, yuko nje anakunywa kahawa. Wewe ukishindwa, anaingia yeye."

"Haingii mtu kwenye mdomo ule."

"Nani atajua? Maneno manne tu!"

"Verna atajua. Jumamosi wanaionyesha, na mke wangu atakaa mbele kabisa. Hajui kama sauti iliharibika, na sitaki ajue. Akisikia mtu baki anaongea pale, binti, hatainuka kwenye kile kiti."

Dolores alimtazama kidogo. "Basi maliza hayo maji, turudie."

Wakarudia. Lyle aliipandisha sauti, ikawa ya mtoto. Akaipunguza, ikawa ya mhubiri. Akajaribu kutabasamu, akajaribu kusimama kwa mguu mmoja kama kijana alivyosimama. Haikusaidia kitu. Kila alipofika kwenye "narudi", uzee ulichungulia. Saa ya ukutani ilibakisha dakika tano.

Hapo akaacha kuigiza. Akaufikiria mlango wa jikoni kwao, Van Nuys. Maneno kama yale yalisemwa pale kila Ijumaa, haraka haraka, funguo za gari zikiwa zimebanwa kwenye meno, ya kumbembeleza Verna, naye Verna akifoka huku anacheka. Lyle akatoa funguo zake mfukoni, akaziuma mpaka akaonja chuma, kisha akaziweka kando.

"Nipe," alisema.

Pii, pii, pii.

 Alipomaliza, Dolores alirudisha picha, akaichezesha. Kijana akafungua mdomo pale mlangoni, na sauti ikatoka kwake, nyepesi, yenye haraka, yenye ujeuri kidogo. Usingeona ilipoungwa.

"Nenda nyumbani, mzee wangu," Dolores alisema, akijifuta macho kwa mkono wa sweta. "Huyo wa kahawa nitamwambia mimi."

Lakini Lyle hakwenda. Alikaa kwenye kiti akalia kwa uchungu, na Dolores akazima kipaza sauti ili chumba cha pili wasimsikie.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Verna alivaa gauni la bluu, akakaa mbele kama Lyle alivyosema, mkono wake ndani ya mkono wa Lyle.  Kijana alipofika mlangoni na kusema maneno yake manne, kucha za Verna zilizama kwenye kiganja cha mumewe, na hazikutoka mpaka taa zilipowashwa.

Watu walikuwa wakipiga makofi. Verna hakupiga.

"Kwingine kote alikuwa anaigiza," alisema. "Lakini pale mlangoni, Lyle, pale alikuwa mwenyewe. Tangu tumzike nimekuwa nikilala nikiitafuta ile sauti, na nilishaanza kuisahau. Leo nimemsikia mwanangu. Na wewe umemsikia?"

Lyle aliitikia kwa kichwa. Kufungua mdomo hakuthubutu.