Mtani wa Kabatini

Siku hizo kabati la dawa halikufunguka mpaka lihakikishe wewe ni mtu, si mashine. Bi Siwema, mwenye mtoto wa jicho, alishashindwa mara mbili kuchagua picha zenye taa za barabarani, na mumewe Kibwana yuko sakafuni, pumu imembana, dawa imefungiwa humo.

Kabati likabadili mtihani. "Haya bibi, tutaniane. Mimi Mnyamwezi. Nyie Wazaramo ngoma ikilia, hata ubwabwa mnauacha uungue!"

"Mnyamwezi gani wewe, huna hata mgongo wa kubebea mzigo!"

Mlango ukafyatuka. Kibwana akavuta dawa, kifua kikatulia. "Leo huo mdomo umefaa, mke wangu."

Bi Siwema akacheka mpaka machozi. Aliponyamaza, kabati lilikuwa bado linacheka.