Mwenendo Mwema wa Bi Merle

Mashine ya alama za vidole ilimkataa Bi Merle Tranter kwa mara ya nne. Miaka hamsini ya kupika jemu na kusugua sufuria ilikuwa imezilamba ncha za vidole vyake, zikabaki laini kama mgongo wa kijiko.

Desmond Kearney, afisa wa leseni, alimpa kitambaa ajifute wino wa jaribio la mwisho, la karatasini, akaandika kwamba alama hazisomeki, kisha akalifungua tena faili lake. Tangu serikali ya jimbo la Queensland, Australia, ianze kuyabana magenge ya waendesha pikipiki, mtu hafungui duka la tatuu mpaka mwenendo wake uchunguzwe hadi uvunguni mwa kitanda. Mwaka uliopita Desmond alimpitisha kijana mmoja mpole, mvaa tai, kumbe ndiye katibu wa genge. Mkubwa wake alimwonya kwamba akikosea tena, kibarua kimeota nyasi.

Ndiyo maana ajuza huyu wa miaka sabini na mmoja alimtia wasiwasi. Alimchimba wiki sita. Aliwahoji padri, muuza nyama na kwaya nzima. Aibu pekee aliyoipata ilikuwa kitabu cha maktaba kilichochelewa siku mbili, mwaka wa sabini na nne, na mkutubi alikumbuka kwamba Bi Merle alikirudisha akilia.

Wakaguzi walikwenda nyumbani kwake, Bundaberg, wakakuta sebule imegeuzwa duka: vigae sakafuni, sinki jipya, sindano kwenye pakiti zake, kochi la wateja. Hawakuona kasoro.

"Mama, umewahi kumchora mtu?" Desmond aliuliza.

"Nimechora ngozi ya nguruwe, mwanangu. Hajalalamika."

"Una rafiki yeyote aliye kwenye genge?"

Bi Merle alifikiri. "Rafiki? Rafiki, hapana."

Desmond akaandika hapana. Kisha akamsomea masharti: mtu wa genge haruhusiwi kukanyaga dukani, akikanyaga, mwenye leseni apige simu ofisini, na mtu huyo atatolewa na polisi, ikibidi kwa pingu. Waombaji wengi hupiga miayo hapo. Bi Merle alimwomba arudie polepole. Halafu akataka kujua kama baraza la mbele nalo linahesabiwa, na Desmond alipomwambia linahesabiwa likiwa kwenye ramani ya duka, akamwonyesha kwamba limo, pamoja na choo.

Makini ya namna hiyo ilimpa Desmond moyo. Akagonga muhuri. Bi Merle akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimlengalenga, akamwachia sahani ya keki za nazi.

Asubuhi ya pili yake, saa tatu na nusu, simu ililia mezani kwa Desmond.

"Ni Merle, mwanangu. Kuna mtu wa genge dukani. Amevaa na koti lao."

Desmond alisimama. Alimsihi ajifungie jikoni, asimsogelee mtu huyo, polisi watafika sasa hivi. Akauliza kama ana silaha, na anataka nini.

"Ana rimoti," alisema Bi Merle kwa utulivu. "Anataka chai na mayai mawili. Ni mume wa binti yangu. Anakuja kila asubuhi tangu Krismasi ya mwaka juzi, na kumfukuza kwa maneno nimeshindwa."