Pimbi na Beji ya Shaba

Chama cha wakusanya beji kilikuwa na desturi moja: beji ukiivaa kifuani, yeyote mwenye beji ya kubadilishana anaweza kuiomba, nawe huruhusiwi kukataa. Wageni wa Jumamosi hiyo hawakuijua. Walikuja wamevaa beji zao bora, na Nyani, mwanachama wa zamani, akazichukua zote kwa kuwapa beji mbovu.

Wa mwisho alikuwa Pimbi, aliyevaa beji ya shaba ya marehemu mama yake.

“Nipe hiyo, dada. Shika hii,” Nyani akasema, akimpa beji yenye kutu.

“Hii ni ya mama yangu.”

“Ungeiacha nyumbani. Hapa cha kifuani hakikataliwi.”

Nyani akaivaa ile ya shaba kifuani kando ya zile za wageni wengine, akaanza kuringa mbele ya wenzake. Pimbi akamfuata.

“Kaka, naomba hiyo ya shaba. Shika hii yenye kutu.”

Ukumbi mzima ukacheka. Nyani akafunika kifua kwa mikono miwili.

“Shusha mikono, bwana,” akasema Kobe, mwenyekiti. “Desturi unaijua kuliko sisi.”

Pimbi akachukua beji ya mama yake, akaifunga kwenye pindo la kanga. Alipogeuka, wageni wenzake wote walikuwa wameshapanga foleni mbele ya Nyani, kila mmoja na beji yake mbovu mkononi.