Mlio Alioujua

Bi Salha alikuwa akianika nguo aliposikia mluzi mwembamba kutoka ziwani, ukipanda taratibu hadi ukawa ngurumo. Akaiacha shuka kwenye beseni, akateremka mbio hadi gatini.

Fundi Mashauri alikuwa ameinamia boti yake ya mashindano. Injini yake ya tabaini, alimweleza Bi Salha, aliipata mnadani, imetolewa kwenye helikopta kuukuu.

"Helikopta hiyo ilikuwa ikibeba wagonjwa," Bi Salha alimwambia. "Rubani wake alikuwa marehemu mume wangu. Kila nilipousikia mlio huo jioni, nilijua nianze kupakua chakula."

Mashauri akaizima injini haraka. "Nisamehe mama, sikujua. Ukitaka nisiiwashe tena hapa, sema tu."

"Mbona umeizima, mwanangu?" aliuliza kwa upole. "Miaka yote nilimwomba anipandishe. Akanijibu, 'Wagonjwa tu, Salha.' Nikabaki kuitazama nikiwa chini."

Mashauri alivua jaketi lake la kuokolea, akamvika, akafunga vikanda kimoja kimoja, kisha akamshika mkono hadi kwenye kiti cha pembeni.

Mluzi ukaanza upya, sasa nyuma ya mgongo wa Bi Salha, ukamwingia hadi kifuani. Boti ikainua pua, maji yakapasuka, na kwa kitambo ikawa kama haigusi ziwa kabisa.

"Nipunguze mwendo, mama?" Mashauri alipaza sauti.

Hakumsikia. Alikuwa amefumba macho, uso ameuelekeza juu, midomo ikimwambia mtu maneno ambayo ngurumo iliyameza yote.