Koti la Uzi Mmoja

Shangazi, fundi anayejisifu miaka thelathini sasa kwamba mshono wake haufumuki, alilijaribu koti nililobuni. Akilikubali, karakana yake itashona mengine kama hilo.

"Limenikaa," alisema mbele ya kioo. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kisha akaona uzi mwekundu unaning'inia kwenye pindo. Uzi unaoning'inia haujawahi kupona mbele ya shangazi.

"Shangazi, usivu..."

Akauvuta.

Trrrr! Mshono ulifumuka mbio, pindo hadi kwapa, kwapa hadi kola. Mikono ya koti ikadondoka, mgongo ukafuata: vipande vizima, bila jeraha la mkasi, tayari kuwa nguo nyingine, kama nilivyokusudia nilipolishona lote kwa uzi huo mmoja.

Alivitazama miguuni pake. Nikafumba macho.

"Wewe mtoto!" akafoka. "Lishone upesi, nivute tena!"