Mchezo wa Kwenye Pindo la Khanga

Jirani alinishtaki kwa sababu alinisikia nikipiga kelele, "Nimefungwa!" Siku hizi hakuna anayefungwa mchezoni. Michezo yote ya kompyuta iko mtandaoni, na sheria inaiamuru imwachie kila mchezaji ashinde, asije akaumia moyo.

Akaja afisa kijana, sare imenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pekua upesi, nina maharage jikoni."

Akapekua kompyuta yangu mpaka jasho likamtoka, asione kitu. Angeona nini? Mchezo wangu wa zamani wa kandanda unaendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Ukiichomoa, kompyuta inabaki safi. Na flashi nilishaifunga kwenye pindo la khanga.

Yangeishia hapo kama asingetamba. "Mimi, mama, tangu nizaliwe sijafungwa hata mechi moja."

Nikapandwa na hasira. Nikafungua pindo mbele ya macho yake, nikachomeka flashi, nikamsukumia kigoda. "Kaa!"

Kompyuta ikamtia bao la kwanza, ikamtia la pili. La tatu lilipoingia alikuwa ameshavua kofia, na maharage yangu yanaungua.

Kipenga cha mwisho kikalia. Akagonga skrini kwa kidole.

"Mbona hairekebishi matokeo?"

"Hairekebishi."

Nikachomoa flashi, nikaifunga pindoni, nikangoja pingu.

"Mama," akasema taratibu, "naomba tena."

"Kesho, na uje bila sare. Leo nenda nyumbani, ukaumie."